Kuchoka na Kuzima

Inspekta Melkiadi Tluway hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala nyota ya tatu begani ambayo wenzake wa umri wake walishaivaa hadi ikapauka. Hakuwa na Kiingereza cha kuzungumza mbele za watu. Alikuwa na kile cha kusoma polepole, kidole chini ya neno, kamusi pembeni. Hakuwa na muda pia. Ilibaki miezi miwili astaafu, na Mkuu wa Upelelezi alikuwa amemwonya asianze jambo asiloweza kulimaliza.

Na Jumamosi ile jioni, katika shamba la alizeti kule Sigino, nje ya mji wa Babati, hakuwa na neno la kumwambia mwanamke aliyekaa chini, miguu ameinyoosha, akiwa ameshika kiatu kimoja cha mumewe.

Maiti ilikuwa bado imefungwa mkanda kitini. Theophil Akonaay, fundi wa pikipiki na pampu za maji wa Bagara, miaka arobaini na sita. Usukani wa ndege ulikuwa umepinda na kukwama, umevutwa hadi tumboni mwake.

Ndege ile aliiunda mwenyewe kwa miaka mitatu. Mabomba ya alumini, turubai lililopakwa rangi, injini ya gari dogo. Mkiani aliandika KANDIDA kwa herufi nyekundu. Ndilo jina la yule mwanamke mwenye kiatu.

"Upepo, Afande," alisema Koplo Careen. Alikuwa msichana mwenye shahada ya sheria na buti zinazong'aa hata shambani. "Tazama."

Kwenye nguzo kando ya njia ya kurukia, mfuko wa mbolea uliotobolewa chini ulikuwa umejaa hewa, umenyooka kama mkono. Upepo ulitoka mlima Kwaraa na kuikata njia ubavuni.

"Piga picha," alisema Inspekta. "Chora ramani ya eneo la tukio. Na huo usukani asiuguse mtu."

Mwenye shamba, mzee Paskasi, alikuwa amesimama kwenye alizeti zake zilizolala.

"Ulimwona akishuka?"

"Nilimwona akipanda, nikamwona akishuka. Nani asingetazama?"

"Upepo ulimsukuma?"

"Ulitaka kumsukuma. Yeye akaigeuzia pua upande wa mlima, ikawa inakuja upande upande. Umeshaona mbwa anavyokimbia barabarani, kichwa huku, mwili kule, lakini njia yake imenyooka? Hivyo. Nikasema, huyu fundi anajua."

"Kwa hiyo upepo aliushinda."

"Aliushinda."

"Kisha?"

"Akapunguza mwendo atue. Mabawa yakaanza kutetemeka. Halafu pua ikapanda."

"Ikapanda? Haikushuka?"

"Afande, mimi ni mkulima, sio kipofu. Ilipanda kama ng'ombe aliyevutwa kamba ya pua. Bawa la kushoto likaanguka kwanza, na mwili ukafuata."

"Injini ilizima?"

"Izime wapi! Ilinguruma mpaka ardhini. Mbuzi wangu hawajarudi hadi sasa."

Inspekta aliandika maneno mawili kwenye daftari lake: *Haikuzima. Alivuta.*

*

Jumatatu alikuja mtaalamu wa ndege kutoka Arusha. Alikaa saa mbili kwenye mabaki, akapima nyaya, akavuta hiki, akasukuma kile. Nyaya zote zilikuwa nzima. Hakuna aliyekata kitu.

"Ni makosa ya rubani," alisema. "Hakuwa na leseni. Ndege ikienda polepole mno na pua ikiwa juu, hewa inaacha kulibeba bawa. Dawa yake ni moja dunia nzima: sukuma usukani mbele, shusha pua, ndege ipate mwendo. Yeye alivuta."

"Kwa nini avute?"

"Hofu. Mtu asiyesoma akiona ardhi inamjia, anavuta."

Inspekta Melkiadi alilipokea neno lile, asiyesoma. Yeye mwenyewe aliingia jeshini akiwa na darasa la saba. Kidato cha nne alikipata kwa masomo ya jioni, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao.

Mkuu wa Upelelezi alimwita.

"Jalada lifungwe Ijumaa. Uzembe wa marehemu. Si umesikia mtaalamu?"

"Nimesikia, Afande."

"Basi."

*

Msibani Bagara, wanawake walikuwa wakimenya viazi chini ya turubai. Kandida alimkaribisha Inspekta chumba cha ndani.

"Pole, Mama Severine."

"Ahsante. Wanasema mtaandika uzembe."

"Nani kasema?"

"Mji mzima. Severine wangu ameulizwa shuleni kama baba yake alidhani ni kuku." Alijifunga kanga upya. "Mume wangu alikuwa na makosa mengi, Afande. Uzembe hakuwa nao. Mtu aliyekuwa anakaza nati mara tatu! Hata kula alikula kwa kufuata maelekezo."

"Maelekezo ya kuruka aliyapata wapi?"

Alitoa chini ya godoro vitu viwili. Kimoja kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha mtumba, jalada limeng'oka, kuhusu kurusha ndege ndogo. Kingine kilikuwa kaunta buku nene, kurasa zote zimeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mviringo ulionyooka kama mistari ya mahindi.

Inspekta aliufahamu mwandiko ule kabla hajasoma neno.

"Mwalimu Xavery," alisema.

"Ndiye. Miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa. Anasoma kitabu, anamwandikia kwa Kiswahili. Baba Severine Kiingereza hakuwa nacho. Alikuwa akiisoma kaunta buku hii kama katekisimu."

"Mwalimu amefika msibani?"

"Wa kwanza kabisa. Hata maiti haijatoka hospitali, alikuwa hapo mlangoni. Akaniomba kaunta buku, iwe kumbukumbu yake."

"Ukamnyima?"

"Nikamwambia ngoja tuzike. Jana karudi kuuliza tena." Alimtazama Inspekta. "Kuna ubaya?"

"Kuna nakala nyingine?"

"Alimtolea kopi rafiki yake wa Katesh, Egidius. Naye anaunda ya kwake. Alimtumia kwa basi mwezi uliopita."

Inspekta alivifunga vitabu vyote viwili kwenye mfuko wa vielelezo. Mwalimu Xavery Lagwen ndiye aliyemfundisha Kiingereza kwenye yale masomo ya jioni. Ndiye aliyemwambia, "Melkiadi, usikimbie. Mwenye haraka anasoma sentensi. Wewe soma neno."

*

Akasoma neno. Siku mbili nzima alikaa mezani, kitabu kushoto, kaunta buku kulia, kamusi katikati. Askari waliopita dirishani walicheka.

"Afande anajiandaa kuruka?"

"Mkimwona na miwani ya jua, mnitafute."

Tafsiri ilikuwa nzuri kiasi cha kumtia wivu. Sura ya upepo wa ubavuni ilieleza kila kitu: jinsi ya kuielekeza pua kwenye upepo, bawa la upande wa upepo lishushwe kidogo, gurudumu la upande huo litangulie kugusa ardhi. Ndivyo alivyofanya Theophil mbele ya mzee Paskasi.

Ukurasa wa kumi na nne ulisema: *Bawa huchoka pale hewa inapoacha kulibeba. Bawa lililochoka haliinuliwi, linapumzishwa. Shusha pua.*

Bawa kuchoka. Inspekta alitabasamu peke yake. Hakuna kamusi yenye maneno hayo. Mwalimu aliyatunga.

Jumatano alasiri alifika ukurasa wa sitini na moja: *Usukani ukitetemeka mkononi, ndege inataka kuzima. Vuta usukani kifuani, ongeza moto wa injini, usiachie.*

Alimwita Careen.

"Nisomee hapa kwa Kiingereza. Polepole."

Alisoma. Kisha akasoma kaunta buku, akaguna.

"Kosa la tafsiri, Afande. Hili neno la Kiingereza wanalitumia hata kwa gari, gari likizima barabarani. Mzee amechanganya bawa na injini."

"Neno hilohilo?"

"Hilohilo."

"Na ukurasa wa kumi na nne, alipoandika kuchoka, Kiingereza ni neno gani?"

Careen alifunua.

"Hilohilo."

"Kwa hiyo alilijua. Sasa nionyeshe palipoandikwa vuta."

"Hapa. Lakini Kiingereza kinasema sukuma."

"Ni neno gumu?"

"Gumu? Liko kwenye milango ya benki, Afande."

Inspekta aliinamisha kaunta buku kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na penseli hafifu, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao. Ilikuwa mistari miwili.

*Muulize Mwl. Kutetemeka ni kuchoka au kuzima?*

Na chini yake, siku nyingine, penseli nyingine:

*Mwl. amejibu. Kuchoka ni kwa ndege kubwa. Ndogo inazima. Vuta.*

Careen aliketi bila kuambiwa.

*

Inspekta alipiga simu Katesh.

"Egidius? Naitwa Inspekta Tluway, Babati. Ndege yako usiirushe."

"Wewe ni mtu wa kumi na moja kunikataza, Afande. Watu kumi wamekutangulia, na mmoja ni mama yangu."

"Ukurasa wa sitini na moja una kosa. Kubwa."

"Hapana. Theophil aliniambia ukurasa huo alimuuliza Mwalimu mwenyewe, uso kwa uso. Nimeukariri. Nitaruka Jumapili, nimwonyeshe rafiki yangu heshima."

"Nitawaambia polisi wa huko wakuzuie."

"Watakaa hapa mpaka lini? Wakiondoka nitaruka." Sauti ililegea. "Mimi nafuata maandishi, Afande. Mwalimu akiandika vingine kwa mkono wake, nitafuata hivyo vingine. Picha usinitumie, nina simu ya kitochi tu."

Alikata.

*

Alhamisi saa nne asubuhi, Mwalimu Xavery aliletwa kutoka Nangara. Miaka sabini na mitatu, shati jeupe limefungwa kifungo cha shingo, hana tai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Melkiadi. Siku hizi mnaamkia watu mnaowakamata?"

"Nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani. Koplo anaandika."

"Aandike kwa hati inayosomeka."

Inspekta alifungua kaunta buku.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Ukurasa wa sitini na moja. Kuzima."

"Kosa la tafsiri. Nimelijua baada ya msiba. Ndiyo maana nilikitaka kitabu, nilisahihishe. Nina uzee, macho yamechoka."

"Macho hayakuchoka ukurasa wa kumi na nne."

Inspekta alirudisha kurasa nyuma hadi hapo.

"Neno hilohilo, Mwalimu. Pale uliandika kuchoka. Nani alikufundisha kuchoka?"

"Nililitunga." Kidevu kilipanda kidogo. "Nililifikiria wiki nzima."

"Mtu hawezi kutunga neno wiki nzima halafu akalisahau. Na sukuma ikawaje vuta?"

"Kuteleza kwa kalamu."

"Kalamu iliteleza kutoka sukuma hadi vuta?"

"Huwa inatokea."

Inspekta alimsogezea ukurasa, akaweka kidole kwenye penseli.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Mzee alivaa miwani. Alisoma mara moja. Midomo yake ilisogea akisoma, jambo ambalo aliwakataza wanafunzi wake wote.

"Wa Theophil," alisema. "Herufi zeti ameigeuza. Nilimsahihisha mara nyingi."

"Alikuuliza."

"Alikuja na sukari kilo mbili. Akaniamkia. Akauliza swali hilo." Alivua miwani. "Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza. Siku hiyo ndipo nilipoona kweli amekuwa mwanafunzi."

"Ukamjibu."

"Nikamjibu."

"Uongo."

"Uongo."

Kalamu ya Careen ilikimbia, ikasimama.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Mzee alitazama dirisha.

"Mlisikia alivyohojiwa redioni, mwezi wa pili?"

"Sikusikia."

"Mimi nilisikia. Niliwaambia watu wote wa mtaa. Nikapeleka kiti changu dukani kwa Muzamil, kwa sababu redio yake ina sauti. Nilivaa koti, Melkiadi. Koti, kusikiliza redio. Mtangazaji akamuuliza, 'Fundi, haya yote nani alikufundisha?' Akasema, 'Hakuna. Mimi ni darasa la saba, nimejifunza peke yangu.'"

"Halafu?"

"Muzamil akapunguza sauti. Akaniuliza kwa upole, 'Mwalimu, kwani wewe si ulisema...?' Hakumaliza. Wengine wakacheka. Nikabeba kiti changu nikarudi nyumbani. Ni mbali, ukiwa na kiti. Ukurasa wa sitini na moja niliuandika Jumapili iliyofuata."

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka aanguke. Watu waone kwamba peke yake hawezi."

"Aanguke kutoka juu ya miti?"

"Urefu wa kwenda juu sikuufikiria."

"Uliufikiria. Sura ya tano, mwinuko wa kutua, imo humu kwa mkono wako, na haina kosa hata moja."

Mzee alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. Kisha akasema:

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Ulipovishwa cheo cha Inspekta pale uwanjani, mwandishi wa gazeti alikuuliza nani aliyekufikisha hapo. Nililinunua lile gazeti. Nakumbuka maneno yako mawili."

Inspekta Melkiadi naye aliyakumbuka. *Juhudi binafsi.*

Feni ya darini ilizunguka. Careen aliinua macho.

"Niyaandike, Afande?"

"Andika yote."

Alichukua karatasi nyeupe mezani, akaisogeza upande wa pili pamoja na kalamu ya bluu.

"Kuna mtu Katesh ana kopi ya kaunta buku hii. Anaruka Jumapili. Mimi haniamini. Anaamini mwandiko wako."

Rangi ilimtoka mzee. "Kopi? Nani alitoa kopi?"

"Theophil. Alikiona kitabu chako ni kizuri."

Mzee aliivuta karatasi karibu.

"Nitaandika," alisema. "Lakini jina langu liwe chini. Kamili."

"Liandike."

Aliandika taratibu, mistari iliyonyooka bila rula. *Ukurasa wa sitini na moja ufutwe. Usukani ukitetemeka mkononi, bawa limechoka, liwe la ndege kubwa au ndogo. Sukuma usukani mbele. Shusha pua. Ongeza moto. Bawa likishabeba hewa tena, ndipo uinue polepole. Usivute. Theophil alivuta kwa sababu mimi nilimwambia avute.* Kisha jina, majina yake yote matatu, na tarehe.

Alirudia kulisoma akitafuta kosa. Hakulipata. Wakampeleka mahabusu.

*

Ijumaa jalada halikufungwa. Juu yake neno Uzembe lilikatwa, likaandikwa Mauaji. Mkuu wa Upelelezi aliwaambia waandishi kwamba yeye na vijana wake wamefanya kazi ya kisayansi. Inspekta alisimama nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kandida alimngoja nje.

"Kwa hiyo alifuata alichoandikiwa."

"Neno kwa neno, Mama Severine."

"Basi hakuwa mjinga."

"Hakuwa. Upepo wenyewe aliushinda."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyangoja maneno hayo wiki nzima, na sasa alipoyapata alionekana hajui pa kuyaweka.

"Nilimwambia, Afande. Siku ileile ya redio. Nikamwambia, mbona Mwalimu hukumtaja? Akasema, 'Nikisema nilisomewa wataniona mtoto. Mwalimu ataelewa.' Akasema atamtaja siku akiruka." Alifuta uso kwa pembe ya kanga. "Jina moja tu. Angemtaja tu."

Aliondoka akishika njia ya Bagara.

Inspekta alirudi mezani. Ile karatasi ya Mwalimu ilikuwa mbele yake. Nakala yake imeshaingia jaladani. Alichukua kitabu cha Kiingereza na kamusi, akaihakiki kwa kidole, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu mwandiko ule ulishawahi kudanganya. Safari hii haukudanganya.

Chini ya jina la mzee palibaki nafasi ya mstari mmoja. Alishika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena, akaandika:

*Imehakikiwa na Melkiadi Tluway, mwanafunzi wa Mwalimu Xavery Lagwen.*

Careen, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alisoma, akamsogezea bahasha.

Inspekta alikunja karatasi mara tatu, akaitia humo, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika. Juu aliandika jina la Egidius, na Katesh, na HARAKA. Kisha akavaa kofia akaenda nayo stendi kwa miguu, maana gari hakuwa nalo, akamkabidhi kondakta mkononi.

Basi la Singida, linalopitia Katesh, liliondoka saa tisa kamili. Upepo wa Kwaraa ulikuwa umeanza, ukilisukuma ubavuni, na dereva alikuwa ameelekeza usukani kidogo upande wa mlima ili liende moja kwa moja.